Maneno Manne kwenye Cheti cha Mama Mkubwa

Kibingo, Kyerwa
2 Juni 2024

Mwanangu Placida,

Habari za Ihanda, na habari za wanafunzi wako? Huku tupo, tunamshukuru Mungu. Mvua zimekata, kahawa za upande wa barabarani zimeanza kuwa nyekundu, na migomba iliyolazwa na upepo wa mwezi wa nne tumeiondoa yote. Vero ameng'oka jino la mbele, sasa anapiga mluzi kutwa. Anakusalimu. Anataka umwambie kama ni kweli popo haoni.

Usishangae kupata barua. Ukituma ujumbe kwenye simu yangu anausoma Vero, naye husoma kwa sauti kama anasoma somo kanisani, majirani wote wakasikia. Barua hii anakuletea Fidele, yule wa maharage, anayekwenda Omurushaka, huko karibu na kwako, kila baada ya wiki mbili. Ameapa hataifungua. Hata hivyo nimeibandika kwa uji mzito.

Neno lenyewe ni hili. Tangu baba yako mkubwa Yustus atutoke mwezi wa pili, mwili huu sio wangu. Ikifika jioni moyo unakimbia kama nimefukuzwa na ng'ombe. Vidole vinatetemeka hadi siwezi kupitisha uzi kwenye sindano. Usingizi umenihama. Jumatatu iliyopita nilienda hospitali. Daktari ni kijana wa Pwani, mpole, Kiswahili chake kinateleza, changu mimi unakijua. Aliuliza maswali, akaandika, nikamwambia, "Baba, nina nini?" Akasema, "Mama, ni mawazo tu, msiba bado mbichi. Urudi mwezi wa tisa nikuone tena." Lakini alichoandika hakikuwa kifupi kama alichosema.

Nimenakili maneno manne ya Kiingereza kutoka kwenye cheti, herufi kwa herufi, kwenye hiki kikaratasi cha ndani. Wewe umesoma. Niambie kila moja ni nini, usiongeze wala usipunguze. Kama ni kichaa, andika kichaa.

Mwanangu Nolasco asijue. Vero ni mtoto wake, najua, lakini alimleta hapa akiwa na miaka miwili na sasa ana tisa. Akisikia mama yake ana kitu kichwani atamchukua, naye atakuwa na haki. Halafu mimi nitabaki na kuku.

Mama yako mkubwa,
Salvina


Ihanda, Karagwe
16 Juni 2024

Mama mkubwa, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta na nafuu. Mimi ni mzima. Mama anakusalimu, mguu wake umepungua uvimbe, wiki hii ameweza kwenda misa kwa miguu yake. Mwambie Vero popo anaona, ila gizani anatumia zaidi masikio.

Maneno yako nimeyasoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote tangu nitoke chuoni. Neno la kwanza maana yake ni kuyasikia mapigo ya moyo wako mwenyewe. Mioyo yetu yote inapiga, ila kwa kawaida hatuisikii, wako unausikia. La pili ni kutetemeka kwa mikono. La tatu ni kukosa usingizi, basi, hakuna siri ndani yake ingawa limeandikwa kwa fahari.

Neno la nne ndilo zito. Ni ugonjwa wa wasiwasi: hofu isiyo na mlango wa kutokea, inayokaa mwilini miezi na miezi hata pasipo na kitu cha kuogopa. Si kichaa. Mtu mwenye nao anajua yeye ni nani na leo ni siku gani. Lakini ni ugonjwa, mama, una tiba yake, na haufai kufichwa. Sitakudanganya: nilipokuwa nasoma habari zake niliweka kidole kwenye mshipa wa shingo yangu na moyo wangu ukaanza kwenda mbio. Nikafunga kitabu.

Nimekuta kwamba kuna vitu huchochea hali hiyo. Tafadhali nijibu: unakunywa pombe? Unakunywa kahawa, au chai kali? Kuna dawa yoyote unayotumia, hata ya miti?

Kuhusu Nolasco, nimekusikia.

Mwanao,
Placida


Kibingo
7 Julai 2024

Placida,

Tumepata barua. Sote wazima.

Pombe sinywi, isipokuwa lubisi ya ndizi kwenye harusi, na mwaka huu sijaenda harusi. Kahawa sinywi, hujapata kuniona na kikombe cha kahawa tangu uzaliwe. Chai ni ile ya maziwa ya asubuhi. Dawa ya miti sina. Hata daktari aliniuliza hayohayo nikamjibu hivyohivyo.

Nolasco alipiga simu. Aliniuliza, "Mama, huo ugonjwa wa wasiwasi umeanza lini?" Alilitaja kwa jina, kama ulivyoliandika wewe. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia, akasema, "Mama, tusiende huko." Shule zikifungwa mwisho wa mwezi wa nane anakuja kumchukua Vero akasome Bukoba. Na mimi anataka nifunge nyumba nikakae chumba cha nyuma kwake. Anasema ni kwa faida yangu.

Sikuulizi chochote. Mahindi tumevuna.

Salvina


Ihanda
14 Julai 2024

Mama mkubwa, shikamoo.

Huniulizi, kwa hiyo nitajibu. Ni mimi.

Nilimpigia Nolasco siku ileile nilipopata barua yako, kabla hata sijaanza kukujibu. Nilikuwa nimekaa kitandani na kikaratasi chako mkononi, nikawaza uko peke yako na mtoto, nikawaza moyo ukisimama nani atakuokota. Nikaogopa, nikatafuta mtu wa kuogopa naye. Baadaye nilipokuandikia "nimekusikia" nililichagua neno hilo kwa makusudi, ili lisiwe uongo. Nimekuwa nikilifikiria kila siku. Ni uongo.

Jana nilimpigia tena nikamwomba asubiri. Akasema, "Wewe ndiye uliyenieleza ni ugonjwa, sasa unaniambia nini? Ni ugonjwa au si ugonjwa?"

Nisamehe. Kama huwezi kunisamehe, niandikie hivyo, lakini niandikie.

Placida


Ihanda
4 Agosti 2024

Mama mkubwa, shikamoo.

Fidele amepita mara mbili, mara zote mikono mitupu. Amesema uko shambani, unamwitikia, unamuuliza bei ya maharage, basi. Mama anakusalimu. Nimemwambia kila kitu. Hakunigombeza, jambo ambalo ni baya zaidi.

Leo sina budi kukuandikia kitu nilichokiona. Ijumaa nilimpeleka mwanafunzi zahanati, nikiwa na kikaratasi chako kwenye pochi kama kawaida. Muuguzi pale ni Sista Costansia, mtu mzima, ana sauti ya kusimamia mtihani. Nikamwonyesha. Akavaa miwani.

"Mwalimu, hii alama ya kuuliza mbele ya neno la nne umeiona?"

"Nimeiona. Ni mama mkubwa anauliza maana yake."

"Huyo mama mkubwa ameuliza maana ya maneno manne, akaweka alama kwenye moja tu?"

Nikakitazama upya kile kikaratasi.

"Haya, yeye ameinakili kama ilivyo. Hiyo ni ya daktari. Ni kama anasema, nadhani ni ugonjwa huu, sijathibitisha, nitaangalia tena. Ndiyo maana akamwambia arudi. Na haya matatu ya juu si magonjwa, mwalimu. Ni dalili. Moyo kwenda mbio ni dalili, kama moshi. Umeona moshi ukakimbilia kutangaza nyumba imeungua. Kumbe huenda ni mtu anachoma majani tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka minne nafundisha watoto tofauti ya dalili na ugonjwa. Hata mtihani wa nusu muhula nilitoa swali hilo. Kwa mama yangu mkubwa nikashindwa. Wewe ulinakili kila kitu kwa uaminifu, hata alama, mimi niliyesoma ndiye niliyeiruka.

Sista anasema kuna mambo mengi yanayoweza kuleta dalili hizo tatu: tezi ya shingo, upungufu wa damu, huzuni yenyewe, hata kitu unachokula. Ameomba jambo moja. Chukua siku moja ya kawaida, andika kila kinachoingia kinywani mwako tangu unapoamka hadi unapolala. Kila kitu, hata kile usichokihesabu kuwa chakula.

Zimebaki wiki tatu na siku chache Nolasco aje. Tafadhali.

Placida


Kibingo
11 Agosti 2024

Placida,

Bado nina hasira, ujue. Nimeandika kwa ajili ya Vero. Juzi alinikumbatia shingo akaniuliza kama Bukoba kuna mahali pa kufuga kuku, nikasema sijui, akasema, "Basi nitaenda na mmoja tu, yule mweupe, hali sana." Nikaingia jikoni.

Siku yenyewe ni ya Alhamisi.

Asubuhi baada ya sala, chai ya maziwa na kiazi kilicholala. Halafu akamwani kidogo ya kusafisha kinywa. Nikaenda shambani, na kule huwa naweka punje mfukoni mwa kitenge, natafuna nikipalilia, mkono haulegei. Mchana ndizi na maharage, na dagaa kidogo. Baada ya chakula akamwani tena, maana alipita mama Uwizeye kuomba jembe, na mgeni hakai hivihivi. Naye hakai muda mfupi, unamjua.

Saa kumi jioni nakaa barazani.

Hapa niliacha kuandika jana, leo naendelea. Baba yako mkubwa tangu tuoane, saa kumi tulikaa pale. Mimi naleta kile kikapu kidogo chenye mfuniko, yeye anakifungua, ananipa akamwani kwanza halafu anachukua yeye. Miaka thelathini na minane. Hata siku tuliyogombana ananipa, bila kuniangalia. Alipokufa watu walijaa, kikapu kilizunguka kutwa kwa wiki kadhaa. Halafu wakaacha kuja, kama inavyotakiwa, kila mtu ana kwake. Nikabaki na kikapu.

Nakileta saa kumi. Natoa fungu langu. Halafu natoa fungu lake, naliweka kwenye kiti. Nikiliacha pale kuku watakuja. Siwezi kulirudisha kikapuni, mtu akishapewa hanyang'anywi. Kwa hiyo nalitafuna mimi. Yeye alikuwa anachukua nyingi kuliko mimi, mkono wake ulikuwa mkubwa.

Sikumwambia daktari. Angeandika neno la tano.

Jioni uji, basi.

Salvina


Ihanda
14 Agosti 2024

Mama mkubwa wangu, shikamoo!

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama stendi, Fidele akiwa bado hajashusha magunia. Nikapiga kelele. Fidele akadhani kuna msiba.

Akamwani ni kahawa, mama. Kahawa ya shambani kwako, unayoichuma bado haijaiva, unaichemsha na majani, unaianika, unaitafuna punje nzimanzima. Aliyekunywa kikombe amekunywa maji yaliyopita kwenye kahawa. Wewe unaimeza kahawa yenyewe. Na hii yetu ya huku ni kali kuliko aina nyingine. Daktari aliuliza kama unakunywa, ukasema hunywi, na ni kweli tupu. Kwao Pwani kahawa iko kwenye kikombe. Angejuaje kuuliza kuhusu mfuko wa kitenge?

Lakini mimi ningejua. Nimekulia kwenye mabaraza hayohayo, nimepewa akamwani kabla sijaota meno yote, na kwenye droo ya meza yangu hapa shuleni zimo. Nikakuuliza swali nililolikuta kitabuni, na nikaridhika na jibu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Sista Costansia. Alihesabu kwa vidole: asubuhi, shambani, mgeni, saa kumi mara mbili. Akavua miwani, akasema, "Huyu mama mkono usitetemeke kwa nini, kwani ni jiwe?" Akacheka mpaka akajifuta macho. Mimi nikacheka, halafu nikalia kidogo, akanipa kiti.

Sasa sikiliza, mama, mimi ni mwalimu tu, si daktari. Usiache kwa siku moja, kichwa kitakuuma sana. Sista anasema punguza kidogo kidogo. Anza na za mfukoni. Usisubiri mwezi wa tisa, rudi hospitali wiki hii. Chukua punje mkononi, mwonyeshe yule kijana, mwambie, "Hizi ndizo natafuna," na umwambie ni ngapi. Akupime moyo na damu, ili tusije tukaamini kahawa peke yake kama nilivyoamini neno peke yake.

Na fungu la baba mkubwa, mwambie pia. Hakuna neno la kuogopa pale. Ni huzuni, mama. Umeishi naye miaka thelathini na minane. Ningekuwa daktari, ningeogopa zaidi kama mkono wako ungemsahau mapema.

Kuacha kumwekea au kutoacha, hilo sikuambii.

Nolasco sijampigia. Safari hii habari ni yako, uitoe mwenyewe.

Mwanao, nikiwa bado nina deni la radhi,
Placida


Kibingo, Kyerwa
22 Septemba 2024

Mwanangu Placida,

Habari za Ihanda? Mama yako nimesikia amepanda maharage mwenyewe, mwambie asijifanye msichana. Mvua zimeanza huku, si haba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na mengi ya kufanya, na pia kwa sababu nilikuwa nalala. Nitakueleza.

Hospitali nilikwenda tarehe kumi na tisa ya mwezi wa nane. Nikamwagia yule kijana punje mezani, juu ya makaratasi yake. Akauliza, "Mama, hizi ni nini?" Nikamwambia, tafuna. Akatafuna, akakunja uso, akasema, "Mama, hii ni kahawa!" Nikasema ndiyo. "Unatafuna ngapi kwa siku?" Nikamwambia. Akaegemea kiti, akaniangalia kama ulivyonitazama wewe ulipokuwa mdogo, siku nilipochinja jogoo. Wamenipima moyo kwa zile waya, wamepima damu na tezi. Vyote salama. Akaniambia nipunguze pole pole, akanipangia siku ya kurudi.

Na lile fungu nilimwambia. Nilidhani atachukua kalamu. Aliiweka chini. Akaniuliza Yustus alikuwa mtu wa namna gani. Foleni ilikuwa ndefu nje, akasikiliza. Niliporudi mara ya pili, siku chache kabla Nolasco hajaja, vidole vimetulia, alichukua cheti akalikata lile neno la nne, mstari mmoja, mbele ya macho yangu. Pembeni akaandika kitu. Nikasema, "Baba, safari hii niandikie Kiswahili." Akafuta, akaandika: *Anaomboleza. Anaendelea vizuri.*

Nolasco alikuja tarehe thelathini na moja na begi tupu la nguo za Vero. Nikamkaribisha barazani, nikampa akamwani kama mgeni yeyote, mimi nikachukua moja.

Akasema, "Mama, si ndiyo zinazokuumiza?"

"Zilikuwa nyingi. Moja hainiumizi. Soma hiki."

Akasoma cheti mbele na nyuma. Mtoto wangu akiwa na aibu anasafisha koo, toka utoto. Akasafisha koo. "Placida aliniambia..."

"Placida aliniambia mimi pia. Alikosea, akarudi akatafuta. Wewe ulisikia neno moja la simu ukanunua begi."

"Niliogopa, mama. Baba alianza hivihivi, akasema ni uchovu, tukaacha."

Hilo sikulijua, Placida, kwamba alikuwa analibeba. Mwanaume mzima. Nikatoa fungu la baba yake nikaliweka kwenye kiti, sikumficha. Akalitazama. Halafu yeye akalichukua akatafuna, tukazungumza habari za mzee mpaka Vero akaja kuuliza kama tumesahau kula. Jumatatu aliondoka peke yake. Begi aliliacha, Vero anaweka vifaranga humo, nimempigia kelele hasikii.

Tangu siku hiyo saa kumi nawaita watu. Mama Uwizeye anachukua fungu hilo, na ana mkono mkubwa kama marehemu. Mimi moja asubuhi, moja jioni.

Na wewe, hasira nimeiacha. Ilikuwa imeisha tangu barua ya mwezi wa nane, nilikuwa naifuga tu. Lakini siku nyingine nikikuambia usiseme, usiseme.

Sasa la usingizi. Shule zilifunguliwa Jumatatu iliyopita. Jumatano nikafumbua macho, jua liko ukutani, jogoo ameshachoka kuwika, na Vero yuko pembeni yangu anakoroma, maana mimi ndiye ninayemwamsha. Alifika shule saa nne. Amerudi na karatasi ya mwalimu wake, ya onyo, kwamba mlezi ajieleze kwa maandishi kwa nini mtoto amechelewa. Miezi saba sijalala hivyo. Nimemwandikia: *Mwalimu, mlezi alikuwa amelala.* Nimeweka sahihi na tarehe.

Mama yako mkubwa,
Salvina